Utupa Nilioufuata Mahameni

Majina ya wanakijiji wenzangu ninayo yote, hata ya watoto waliokufa wachanga. La wifi yangu, dada wa mume wangu, ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, na hapa silitaji. Asitajwe. Yeye alilitaja langu vya kutosha.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Mwazye, nilikwenda na mtoto mgongoni, jembe begani, na mbegu za utupa nimezifunga kwenye pindo la khanga. Utupa kwetu Ufipa si wa kupamba, ingawa ukichanua yale maua meupe unapendeza. Majani yake yaliyotwangwa tunaogeshea ng'ombe kupe watoke, na kiangazi, mto ukibaki vidimbwi, tunalevyea samaki. Nikaupanda mstari mmoja, kati ya nyumba yangu na ya wifi.

Ulipofika kifuani, kuku wakaanza kufa. Ulikuwa ugonjwa wa mdondo, kijiji kizima kilitupa kuku. Lakini wifi alisimama mkutanoni, mbele ya mwenyekiti na mabalozi wa nyumba kumi, akasema:

"Huyu mke wa kaka yangu amepanda sumu mlangoni kwangu. Leo kuku, kesho wanangu. Mnangoja nini? Mchawi huyu!"

Mume wangu aliangalia vidole vya miguu yake. Siku ileile waling'oa utupa wangu, na wa kila mwanamke aliyekuwa nao, wakauchoma. Wifi ndiye aliyewasha moto. Tangu hapo nikifika kisimani, wenzangu wanajitwisha ndoo zikiwa nusu. Nikinyoosha mkono kumshika mtoto wa mtu, mama yake anamvuta.

Kiangazi kikaja. Samaki wamejaa vidimbwini na hakuna utupa wa kuwalevya. Wanawake wakaanza kunung'unika, maana mboga ya majani kila siku inachosha. Mimi nikasema naenda kuni. Nikaenda mahameni, kijiji cha zamani tulikoondolewa, tulikokatazwa kurudi. Nyumba yangu ilikuwa imeanguka, lakini utupa niliouacha nyuma yake ulikuwa umenipita kimo, umechanua, nyuki wanavuma. Nikakata mzigo, juu yake nikapanga kuni.

Nilipoutua mtoni wanawake walikuja wenyewe, mmoja mmoja, na vinu vyao. Hakuna aliyesema la mkutanoni, nami sikuuliza. Tukatwanga. Desturi yetu ni kwamba kila mwanamke anaingia majini na fundo lake la utupa. Asiye na fundo anabaki ukingoni, maana akiingia mikono mitupu, samaki wanazinduka na kuzama. Nikawagawia wote.

Wifi akaja na tenga kubwa.

"Wifi, fundo langu liko wapi?"

"Fundo la nini, wifi? La sumu?"

Mwanamke mmoja mtu mzima akadakia, "Mwacheni, amekuja kutuhesabia samaki!" Wakacheka mpaka vikapu vikawatoka mikononi.

"Nipe hata konzi moja tu. Nyumbani wanangoja kitoweo."

"Nitakupa. Sema kwanza, hapahapa, kuku wako walikufa kwa nini."

Akakaza mdomo. Akasimama ukingoni, matumbo ya samaki yanang'aa mbele yake, mpaka wa mwisho akaingia kapuni. Wakati wa kurudi nilitembea mbele yake, upande upepo unakotoka, ili harufu imfikie njia nzima.

Kiangazi kilichofuata alikuja mapema, kabla hata hatujaanza kutwanga.

"Walikufa kwa mdondo," akaninong'oneza.

"Wa ng'ambo hawajasikia, wifi."

Akageukia mto, akapaza sauti, "Kuku wangu walikufa kwa mdondo! Wifi yangu si mchawi!"

Wanawake wa ng'ambo wakanyanyua vichwa. Nami nikamfungia fundo: dogo kuliko yote, la majani ya chini yaliyokwisha kukauka. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Siku hiyo alipata samaki wa kujaza kiganja.

Amekwisha kufa. Utupa niliupanda tena palepale, mstari uleule, na wajukuu zake wanakuja kuuomba wakaogeshe ng'ombe wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Kuku wa bibi yenu walikufa kwa nini?"

"Kwa mdondo, bibi."

"Sijasikia."

"Kwa mdondo, bibi!"

Hapo ndipo ninawaambia wachume.