Abiria Wenye Miguu

Mafuta ya cherehani yana harufu nyepesi, kama ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na kila ninapoinusa narudi kwenye ukumbi mmoja wa mabati Johannesburg, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nje ya ukumbi lilikuwapo soko la vikorokoro: sahani za bibi fulani aliyefariki, taa za chemni, vifungo vilivyopangwa kwa rangi ndani ya makopo ya biskuti, na moshi wa soseji uliotutania sisi tulioshiba ugali tangu alfajiri ili tusitamani cha watu. Ndani kulikuwa na treni. Nasema treni, sisemi vitreni, ingawa kichwa cha ile kubwa kuliko zote kilienea mikononi mwangu. Wenye nazo walikuwa wazee wa Kizungu waliotembea na bisibisi mifukoni, na ukiiita kazi yao mchezo wa watoto, umekosana nao mpaka Pasaka.

Mama alikuwa mshonaji. Tulikaa Bellevue, katika chumba kimoja cha nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, cherehani dirishani na kitanda nyuma yake. Sokoni alikwenda kutafuta vifungo tu. Siku moja akasikia treni inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, akaifuata sauti hadi kwa mwenyewe, Oom Hennie, yaani Mjomba Hennie kwa Kiafrikana, mzee mrefu mwenye soksi zilizovutwa mpaka magotini. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha kukokota kwamba treni ina kiu. Akatoa mkobani kichupa cha mafuta ya cherehani, akadondosha matone mawili, kelele ikakoma. Badala ya kwenda zake, akabaki akiitazama stesheni iliyokuwa pale mezani, safi, ina saa na vyungu vya maua, kisha akauliza swali lililomchekesha mzee hadi akakaa: watu wako wapi?

Hakuwa akitania. Mama alizaliwa katika nyumba ya mkuu wa stesheni, Nyunzu, mashariki mwa Kongo, na kwake yeye stesheni ni watu kwanza, reli baadaye. Ni wauza ndizi, ni godoro lililofungwa kamba, ni mbuzi mmoja mwenye hasira, na ni kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mtini, ambacho babu alikigonga kwa nyundo treni ilipokaribia. Oom Hennie akampa mwisho wa meza yake, akamwambia ajenge hiyo stesheni anayoijua. Ndivyo tulivyoingia kwenye maonyesho, na majira yote ya baridi ya mwaka 2016 chumba chetu kilijaa abiria.

Aliwatengeneza kwa waya, pamba, na vipande vya vitenge vilivyobaki kwa wateja, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati. Nywele zilitoka saluni ya jirani, mabaki ya rasta. Nyuso alizitia kwa sindano, na hapakuwa na wawili waliofanana. Kilichonishangaza ni miguu. Wanawake wote walivaa sketi ndefu, lakini Mama alishona miguu miwili ndani ya kila sketi, na viatu juu yake. Nilimwuliza nani atakayeiona. Nilimwuliza kwa Kiingereza, maana siku hizo Kiswahili nilikielewa vizuri ila niliona haya kukizungumza, na Mama alikuwa na tabia ya kutosikia Kiingereza changu kila kilipokuwa na ujinga ndani yake.

Majira hayohayo ukumbi ulikuwa unaumwa. Kila mwezi meza moja ya treni ilitoweka, mzee amefariki au amehamia kwa watoto wake, na mahali pake pakaja makava ya simu, chaja na miwani ya jua. Hata waliobaki walianza kuleta vitu vilivyotoka kwenye paketi asubuhi ileile. Nje, makopo ya vifungo yalipotea, tukauziwa vya mifuko ya plastiki vilivyopasuka vikifuliwa mara moja. Wauzaji wapya walipiga kelele hadi sauti zikakauka. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," Mama alikuwa akisema, akiwapita na mkoba wake kifuani.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, wiki ya maonyesho, Oom Hennie alitujia uso umemshuka. Wenye ukumbi walitaka meza zilizojaa, na upande wetu waliuona mtupu. Kama Jumamosi stesheni haitakuwa na watu wengi, nafasi atapewa mtu wa makava. Mama alikuwa na abiria kumi na saba, na kila mmoja alikula karibu wiki. Nilijua pembe ile ya meza ilikuwa nini kwake. Kwingine kote mjini aliulizwa karatasi za kuishi nchini. Pale aliulizwa, "Umefanyaje hivi?"

Basi nikaamua kumwokoa. Kila alipokwenda kupeleka sare za shule kwa wateja, nilitoa gundi. Nilikunja kitenge kama kofia ya karatasi, nikabandika ushanga juu kuwa kichwa, nikapata abiria. Nilipata ishirini kwa siku tatu, nikajiona fundi kuliko fundi. Asubuhi ya maonyesho niliwapanga nyuma ya wale wa Mama, jukwaa likafurika, Oom Hennie akapiga makofi. Mama akainama. Akamwinua mmoja kwa vidole viwili, akamchungulia kwa chini, akamweka ndani ya kopo la biskuti. Kisha wa pili. Kisha wote, polepole, bila hasira, nami nikilia mbele za watu.

"Eish, Mama, watatunyang'anya meza!" nikamlilia kwa Kiingereza.

"Habana miguu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, yaani hawana. "Treni ikikuya, batapanda namna gani?"

Tukafungua na kumi na saba. Mjumbe wa wenye ukumbi akapita na karatasi yake, akaandika kitu, akaenda. Nilimchukia mama yangu mpaka kama saa sita mchana. Ndipo alipokuja mlinzi wa mlangoni, yule ambaye kila mwezi alipekua mikoba yetu na tukasalimiana kwa Kiingereza. Alisimama mbele ya stesheni, macho kwenye chuma kidogo ambacho Mama alikining'iniza mtini kama kile cha babu. Akavua kofia.

"Mama, hii njo Nyunzu?"

"Njo yenyewe, baba."

Akakigusa kwa ukucha, nacho kikalia, kwa sababu kilikuwa chuma kweli, kipande cha sindano nene ya cherehani. Akachuchumaa hadi macho yakawa sawa na jukwaa. "Angalia," akasema, "hata viatu bamevaa." Alitoka akarudi na wenzake, Wakongo na Warundi waliofanya kazi sokoni, na miongoni mwao alikuwa mtu wa makava mwenyewe, mikono nyuma kama yuko kanisani. Sijapata kumwonea mtu fahari kama niliyomwonea Mama saa ile. Nilitamani kila mtu ukumbini ajue kwamba huyu ni mama yangu, na nikawaambia, kwa Kiswahili.

Meza walitunyang'anya vilevile. Mwezi uliofuata yalikuwapo makava, na Oom Hennie naye hakumaliza mwaka pale. Sisi tuliibeba stesheni nyumbani kwa miguu, Mama mbele, mimi nyuma.

Leo nafanya kazi Midrand, kwenye ghala, nakagua bidhaa kabla hazijapakiwa, na wenzangu wananilalamikia kwamba narudisha vitu vingi mno. Juzi nilipita kwenye soko ambalo bado linajiita la treni. Meza mbili tu, na abiria wa plastiki wenye uso mmoja kama waliozaliwa siku moja. Nikamgeuza mmoja, nikampigia Mama simu.

"Bana miguu?" akauliza.

"Habana, Mama."

Akacheka sana. Stesheni yake iko juu ya kabati, Bellevue, na abiria wamefika arobaini na mmoja. Wa mwisho nimemshona mimi. Alinichukua siku tisa, na sketi yake inafika chini kabisa.