Matairi Niliyoyapaka Samli

Iko siku moja, mwanangu, ambayo imekataa kunitoka. Meno yamepungua, majina ya watu niliosali nao yananipotea, lakini siku ile naikumbuka hata harufu yake. Ilinuka samli. Jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba kuna matairi ya baiskeli umeyaona Kayanga, ya bei ya chini, tena yanang'aa. Basi kaa hapa kidogo kabla hujaondoka. Sikuzuii kwenda. Nataka tu nikueleze jambo ambalo mimi nilielezwa nikalipuuza.

Enzi zile za Mwingereza nilikuwa kijana wa kazi pale Omurushaka. Nilipima kahawa kwenye ghala la mnunuzi mmoja, na kwa kushika mizani tu nilijiona nimeshafika. Kwetu kulikuwa mbali, huko kwenye nyanda za Kyerwa, maana sisi ni watu wa ng'ombe. Mtu aliyetoka Omurushaka kwa miguu alfajiri alifika kwetu jua likikaribia kuzama. Mwenye baiskeli, akiwa na mapafu, alifika kabla ya chakula cha mchana.

Baba yangu, tuliyemwita Tata kama watu wa kwetu wanavyowaita baba zao, alikuwa mbovu wa goti. Fahali alimbana kwenye boma nikiwa bado mdogo, na tangu hapo safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani hadi zizini. Nilipopata kazi alimtoa mtamba wake mmoja, Gaju, mwekundu, mpole, akauzwa ili ninunue baiskeli. Wewe umekulia kwenye migomba, huenda hujui uzito wa neno hilo. Mtu wa ng'ombe anaweza kuuza dume bila kulalamika, lakini mtamba ndiye maziwa ya kesho. Mama alikaa siku mbili bila kumsemesha.

Siku nilipoileta ile baiskeli nyumbani, Tata aliizunguka kwa mkongojo wake, akagusa usukani, akagusa karia, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi sina tena miguu ya kuja kwako. Hii ndiyo miguu yangu. Sikuombi sukari wala shuka. Siku nikikuita, uje."

Nikamwambia, "Nitakuja, Tata."

Na kweli kwa muda mrefu nilikwenda kila nilipopata nafasi. Nikifika, kabla ya habari yoyote, Tata alifungua kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa, akamwani kama tunavyoiita. Alichukua tunda moja, akalipasua kwa meno, na kwa kuwa kila tunda lina punje mbili, moja alinipa mimi na nyingine akatia mdomoni mwake. Tukatafuna kimya. Kwetu hakuna neno zito lililosemwa kabla ya hapo.

Barabara zetu unazijua, changarawe na makorongo. Haukupita muda matairi yakawa kipara, nyuzi zikaanza kuchungulia. Nikaenda kwa Mzee Laurenti, fundi baiskeli pale Omurushaka, mtu mfupi mwenye maneno machache na vidole vyeusi visivyotakata hata siku ya Jumapili. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hayo matairi utayafuata kaburini," akaniambia kabla sijasema shida yangu. Akaacha kazi yake, tukaongozana hadi dukani.

Dukani kulikuwa na matairi ya aina tatu. Kulikuwa na ya bei kubwa, yaliyofungwa kwa karatasi, waliyonunua makarani wa Kayanga. Kulikuwa na ya kati, meusi tu, hayana urembo. Na mlangoni, juani, yalining'inia ya bei ya chini, yenye mstari mwekundu ubavuni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nayo yale yalikuwa yametoka hadi barazani kunipokea.

Mzee Laurenti hakuyatazama kwa macho, aliyashika. Akachukua lile la kati, akalikunja ubavu kwa nguvu, akaniambia nitazame kama kuna nyufa. Hakukuwa na ufa. Akalibonyeza kwa ukucha, likarudi. Akaligeuza ndani nje akanionyesha nyuzi zilivyosongamana, akapitisha kidole kwenye waya wa ukingo kuona kama umenyooka. Kisha akalishusha lile la mlangoni, akalikunja vilevile, na ubavu ukafunguka mistari midogo midogo kama kisigino cha mchungaji.

"Hili limekaa juani mno," akasema. "Limekufa, ila halijazikwa."

"Na yale ya bei kubwa?" nikauliza.

"Mazuri, lakini pale unalipia na lile jina lililoandikwa ubavuni. Chukua ya kati. Jaza upepo vizuri, yatakimbia barabarani sawa na yale ya karani. Na kama mfuko haufiki, nunua moja, nikufungie nyuma penye mzigo. La mbele livumilie hadi kahawa ijayo."

Mfuko ulifika, mwanangu. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Niliyanyima matairi fedha kwa sababu ya viatu. Pasaka ilikuwa inakaribia, nami nilikuwa naimba kwaya kanisani Bugene, na katika sauti za juu alikuwapo msichana mmoja ambaye nilitaka aone miguu yangu imevaa nini. Mzee Laurenti alipoondoka nikarudi dukani peke yangu, nikachukua yale ya mstari mwekundu, na kwa fedha iliyobaki nikachukua viatu. Mwenye duka hakunidanganya hata kwa neno moja. Aliniuliza tu, "Haya haya?" nikamjibu ndiyo. Msichana yule, nikuambie ucheke kidogo, aliolewa na mpiga kinanda.

Sasa sikiliza kosa la pili, ambalo nadhani angelifanya mtu wa ng'ombe tu. Zile nyufa nilikuwa nimeziona, zikaninyima raha. Nikakumbuka kwetu: ngozi ikikauka hupakwa samli, mkanda ukikakamaa hupakwa samli, hata mtoto akipauka hupakwa samli. Samli ndiyo dawa yetu ya kila kilichokauka. Na mama alikuwa ameniletea kibuyu kidogo cha samli, nile nisikonde ugenini. Nikakaa nje ya chumba changu nikayapaka yale matairi, nikayasugua hadi yakawa laini na yenye kung'aa, nyufa zisionekane. Siku chache baadaye nikayapaka tena. Watu waliniuliza nimeyapata wapi, nami nikavimba kichwa.

Nilimpita Mzee Laurenti barabarani. Akayaangalia matairi, akaviangalia na viatu, akatikisa kichwa akaendelea na njia yake. Laiti angenitukana. Lakini yeye alikuwa ameshasema, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wiki tatu hazikuisha. Asubuhi moja nikiwa nafungua ghala, nikamwona Petro, mtoto wa baba yangu mdogo, amesimama mlangoni ana vumbi hadi magotini. Alikuwa amelala njiani kwa ndugu ili aniwahi. "Tata anakuita," akasema. "Hajala tangu juzi. Amesema uje leo."

Sikuuliza la pili. Nilimwachia uji na ndizi, nikamwambia apumzike, kwamba yeye akifika kwetu jioni atanikuta nimeshakaa na Tata siku nzima. Nilisema hivyo kwa kujigamba kidogo, hata katika siku kama ile.

Nilikuwa nimevuka vilima viwili tu tairi la nyuma lilipopasuka. Si pancha, mwanangu, pancha ningeziba. Ubavu wote uliachia, mpira wa ndani ukatokeza nje. Niliposhika lile tairi lilikuwa limelegea, nyuzi zinatoka zenyewe nikizivuta kwa vidole. Nikaziba mpira wa ndani, nikafunga tairi kwa mkanda wa suruali yangu, nikaenda mwendo mfupi likapasuka tena. Nikang'oa nyasi nikazishindilia ndani. Zikasagika. Nikakata magome ya mgomba shambani kwa mtu nikazungusha, yakatoka mteremko wa kwanza. Wakati nahangaika na la nyuma, la mbele nalo likafunguka lilipokuwa limesimama tu, bila kubeba mtu. Jua lilikuwa limeshafika utosini.

Petro akanikuta pale. Alikuwa amekula, amepumzika, na anatembea mwendo wake uleule. Akaitazama baiskeli, akaonyesha nyumba iliyokuwa karibu, ambapo mama mmoja alikuwa anaanika kahawa. "Iache kwa yule mama," akasema. "Twende kwa miguu. Tutafika jioni."

Nikakataa. Nilimwambia, "Hii ni Gaju. Siwezi kumwacha Gaju kwa mtu nisiyemjua."

"Tata hakukuita umletee Gaju," Petro akasema.

Neno hilo nimelitafakari maisha yangu yote. Wakati ule lilinikasirisha. Nikamwambia atangulie kama ana haraka, naye akatangulia. Mimi nikabaki nasukuma chuma kwenye vilima, ringi zinakwaruza mawe, viatu vipya vinanichubua, nikijidanganya kwamba nikipata fundi mbele nitampita. Sikupata fundi. Wahenga walisema kawia ufike. Mimi nilikawia, na kufika kwenyewe hakukuwa kufika.

Nilipoanza kuliona boma letu, ng'ombe walikuwa wamerudi kutoka malishoni wamesimama nje, na hakuna mtu aliyekuwa anawakamua. Ndama walikuwa wanalia. Nikajua. Nikaiangusha ile baiskeli kwenye nyasi, hapo ndipo nilipoweza kuiacha, nikakimbia.

Petro alimkuta hai. Hilo ndilo sijaweza kulimeza hadi leo. Yule wa miguu alimkuta hai. Mama aliniambia kwamba Petro alipoingia, Tata aliuliza, "Yuko wapi?" Petro akajibu, "Yuko njiani na baiskeli." Tata akafurahi, akasema, "Basi ameshafika, baiskeli haikawii." Akaomba kikapu, akatoa tunda moja la kahawa. Mama alimwambia atafune kidogo apate nguvu, akakataa. Akasema hili atalitafuna na mimi. Akalifumbata.

Mama ndiye aliyemfumbua vidole mbele yangu. Lile tunda lilikuwa zima, lina unyevu wa kiganja chake. Nililia mbele ya wazee wa ukoo bila haya yoyote.

Alitaka kuniambia nini? Sijui, mwanangu. Wengine walisema ni habari za ng'ombe, wengine walisema huenda alitaka tu kuniona. Kaka zangu walinitendea haki katika urithi, sina la kulalamika. Lakini lipo neno alilonihifadhia mimi akaondoka nalo, na hakuna wa kuniambia.

Niliporudi Omurushaka nilimpelekea Mzee Laurenti ile baiskeli. Akachukua kipande cha tairi, akakinusa. "Samli," akasema. "Mpira si ngozi, mwanangu. Mafuta yanaula. Ungeniuliza ningekuambia, wala nisingekucheka." Kisha akanifungia matairi ya kati, yale meusi yasiyo na urembo, na hakunisema tena. Matairi yale yalinichukua katika mvua na vumbi misimu mingi, mepesi, imara, hayajawahi kunilaza njiani. Kila nilipoyajaza upepo niliumia moyo, kwa kuwa yalikuwa dukani siku ileile.

Basi ukienda Kayanga, usiende na macho peke yake. Kunja ubavu utafute nyufa, bonyeza kwa ukucha, geuza uone nyuzi, pitisha kidole kwenye waya. Lililoanikwa juani lipite hata kama linakuchekea. La bei kubwa nalo si lazima, usije ukalipia jina. Kati ya hayo mawili daima lipo tairi la mtu wa kawaida, linalokimbia vizuri na kudumu, na kama fedha ni kidogo nunua moja la nyuma uvumilie. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye kengele na urembo, usibane pale unapokanyaga ardhi. Kilichooza usikipake mafuta ili kipendeze. Na siku ukiitwa na mtu anayekupenda, chombo kikikuharibikia njiani, kiache kwa mwenye nyumba wa kwanza uende kwa miguu yako.

Mungu akupe njia iliyonyooka, na pale isiponyooka akupe magurudumu yanayostahimili. Akufikishe kwa kila anayekungoja, angali anaweza kukuitikia.

Haya, nipe hicho kikapu. Kila tunda lina punje mbili. Hii yako, hii yangu. Tafuna sasa, ningali nipo, halafu uende.