Jina Nililowaandikia Wazee

Kuna Msukuma mmoja alikaa kimya mbele ya nyumba ya jirani yangu siku tatu mfululizo. Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Ilikuwa mwaka 1996, kijijini kwetu, njia ya kwenda Matai. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, baba wa mtoto mmoja, Tadei.

Mvua za mwaka ule watoto watatu walikufa kwa homa. Wa tatu alikuwa Tadei wangu. Zahanati dawa hakuna. Maduka ya dawa ya watu binafsi ndiyo kwanza yalikuwa yamefunguliwa, na yote yako Sumbawanga mjini. Nilikwenda kwa baiskeli. Niliporudi nilikuta wanalia.

Jumapili iliyotangulia, Bibi Coleta, jirani yetu, alimpakata Tadei akasema, "Huyu mnene, na ametulia." Basi. Kwa akili yangu ya wakati ule, mchawi alikuwa ameshapatikana.

Mwenyekiti wa kijiji, Ignasi, akaitisha mkutano. Zipigwe kura za siri, kila mtu amtaje mchawi anayemjua. Atakayeongoza ahame ndani ya siku tatu, la sivyo vijana watamtoa wenyewe. Na tulijua maana yake. Kijiji cha pili mama mmoja alitajwa hivyohivyo, akakutwa shambani amekatwa mapanga.

Wazee wasiojua kuandika walielekezwa kwangu. Wao wananong'ona, mimi naandika.

Akasimama Shigela, mfugaji aliyehamia kwetu na ng'ombe zake kutoka huko Mara. Kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyekuwa muumini wa Kanisa la Marafiki.

"Mwenyekiti, kura ya kumtaja mtu mimi sipigi. Sisi Marafiki jambo zito hatulipigii kura. Tunakaa kimya mbele za Mungu mpaka tuelewane."

"Msukuma, kakae kimya na ng'ombe zako," mmoja akamtania.

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, msiba mbichi kabisa.

Karatasi zikasomwa moja moja. Coleta, kumi na mbili. Wengine walipata moja moja, na moja ilikuwa tupu.

Kesho yake asubuhi Shigela akaja na kigoda chake, akakaa mlangoni kwa Coleta. Vijana wakapita na mapanga, wakijifanya wanaenda kukata kuni.

"Oya mzee, siku hizi unachunga wachawi?"

Alisogeza kigoda pembeni kidogo, kama anayempisha mgeni akae.

Siku ya pili Mzee Adolfu naye akaja kukaa. Adolfu nilimwandikia mimi. Alininong'oneza, "Sina wa kumtaja," nami nikaandika Coleta.

Siku ya tatu wazee waliokaa naye wakawa sita. Wote niliwaandikia, na wote waliniambia hawana mtu. Kila mmoja alidhani ni wenzake waliomtaja yule bibi. Wakiulizana tu, nimekwisha. Lakini hawakuulizana. Walikaa tu, na ule ukimya ukanifuata mpaka jikoni kwangu.

Mchana nikaona vijana wanakusanyika kwa Ignasi. Siku zilikuwa zimetimia.

Nikaenda mlangoni kwa Coleta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Felisian. Karibu ukae," Shigela akasema.

Nikakaa. Nilitamani mtu aniulize, nijitetee. Wapi. Sijui ilipita saa nzima, sijui dakika kumi. Nikajikuta nimesimama.

"Kura zenu niliandika mimi. Mlisema hamna mtu, nikaandika Coleta."

Coleta alikuwa ameketi kizingitini. Akauliza polepole, "Na yangu?"

Hapa, ndugu msomaji, nilikuficha. Coleta naye alikuwa hajui kuandika. Siku ile alikuja mezani kwangu akaniinamia: "Andika, Mungu atulindie watoto." Nikachukua karatasi yake, nikaandika jina lake mwenyewe.

"Nilisikiliza zote zikisomwa," akasema. "Yangu sikuisikia. Nilijua palepale."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Ulikuwa umetoka kuzika, mwanangu."

Nililia kuliko siku ya Tadei.

Shigela akanishika mkono tukaenda kwa Ignasi. Nikayarudia maneno yale mbele ya vijana wenye mapanga. Nilipigwa, na haki yao. Kura zikafutwa.

Lakini Coleta alihama, akaenda kwa dada yake Kasanga. Ukitoa kura yangu na zile nilizoghushi, zilibaki nne ambazo watu walimwandika kwa mkono wao. Alisema hawezi kuamkia kijiji akijiuliza hao wanne ni nani.

Funzo langu ni hili: mtu akikupa kura yake uishike, amekupa sauti yake, na huenda amekupa na uhai wa mwenzake. Andika alichosema, hata kama uchungu unakuunguza.

Uchaguzi ukifika, wazee wa hapa wasioona vizuri bado huja kuniomba nikawasaidie kuweka alama. Nawapeleka kwa mwingine. Wananiamini, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.