Kikohozi Kwenye Tuta la Mawe

Baba mkwe wangu nilimfahamu kwa kikohozi. Alikohoa mara mbili, akanyamaza kidogo, akakohoa tena mara moja, na hapo nilijua nina muda wa kuvuta mshipi wangu, kujitanda kitenge kichwani na kugeuka nitazame mawe. Kisha nilisikia katambuga zake za tairi la gari zikipita nyuma yangu taratibu, kuelekea kwenye ncha ya tuta. Zikishafika mbali niligeuka na kutupa ndoano upya.

Jina lake sitalitaja. Hata sasa, amekwisha kuzikwa kando ya migomba yake, ulimi wangu haujawahi kulitamka.

Kwetu Unyakyusa mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Haketi anapoketi, hamwiti jina, na akimwona njiani huingia migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha. Nina shoga yangu wa Bondeni anayepanda pikipiki moja na baba mkwe wake kwenda sokoni, na jioni wanagombea rimoti. Mimi niliangukia kwa mzee ambaye hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, nyumba yake ilikuwa na sola na king'amuzi, lakini katika jambo hili alisema mwacha mila ni mtumwa, basi. Mama mkwe ndiye aliyeniletea msemo huo, maana mwenyewe hakuwahi kunielekezea neno. Jumapili akisimama kusoma somo, mimi nilikuwa benchi la nyuma nimezama kwenye kitabu cha nyimbo. Hata picha yake ya sebuleni ilihamishiwa chumbani kwao juma nililoolewa.

Nami nilitamani sana kuuona uso wake. Niseme wazi kwa nini, nisije nikaonekana mwanamke asiye na adabu. Baba yangu mzazi alinifundisha kuvua kambale huko Njisi, nikiwa sijafikia hata kimo cha mwanzi wa kuvulia. Alifariki nikiwa darasa la nne. Hakuacha picha hata moja, na mwaka hadi mwaka sura yake ilinitoka, kwanza macho, halafu mdomo, mpaka nikabaki na mikono yake tu ikifunga ndoano. Nilipoolewa nikajua nimepata baba wa pili, tena mvuvi, nilijiambia huyu sura yake nitaitunza. Kumbe ndiye nisiyeruhusiwa kumtazama.

Tuta lenyewe ni mawe makubwa yaliyopangwa kutoka ufukweni kuingia ziwani, yakinge mawimbi yasile gati. Yeye alikuwa kibarua wakati linajengwa, na watu walisema anaujua mpangilio wa yale mawe kama mtu anavyoyajua meno yake. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki mbili yupo, wiki tatu hayupo. Nikachoka kukaa ndani. Nikachukua mwanzi, nikaenda kuvua, na majirani wakapata la kusema mwezi mzima.

Siku ya kwanza nilifanya kosa la mgeni. Nilikwenda kukaa kwenye ncha kabisa, kwa kuwa ndiko samaki waliko. Jua lilikuwa limeanza kulegea niliposikia kikohozi nyuma yangu, nikachungulia chini ya mkono nikaona kofia ya pama na kikapu. Nilijua ni yeye. Sasa nikimbilie wapi? Tuta ni njia moja. Mbele maji, kulia maji, kushoto maji, na nyuma baba mkwe. Nikashuka katikati ya mawe, miguu ndani ya ziwa, kitenge usoni, nikatulia hapo nikiomba asije mamba. Yeye naye alisimama, akaguna, akageuka, akarudi nyumbani na chambo chake chote. Siku hiyo hatukupata samaki, si mimi wala yeye.

Kesho yake nilikuta jiwe bapa limewekwa katikati ya tuta, pale ambapo halikuwepo. Nikaketi upande wa ufukweni, nikiwa sijui kama nabaki au naondoka. Kikohozi kikaja. Nikajifunika. Katambuga zikapita, zikasimama penye lile jiwe, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake nje ya kanisa.

"Wewe jiwe," alisema, "mwenye ndoano ndogo akae upande huu. Mimi nitakaa mbele. Nikipita nitakohoa."

Nilitaka kucheka, nikang'ata kitenge. Lakini kuanzia hapo jiwe lile lilipata kazi. Aliliambia, "Wewe jiwe, hiyo nati aliyofunga kuzamisha ndoano ni nzito, chambo kinalala kwenye matope." Nikabadilisha nati, nikapata magege wanne. Akaliambia ziwa litachafuka, nikakunja mapema, likachafuka kweli. Mimi nami nilijibu kwa kulielekea jiwe hilohilo: "Wewe jiwe, mwambie mzee ndaga fijo." Shukrani zangu zilikuwa fupi hivyo.

Aliacha minyoo juu ya jiwe ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Mimi niliacha ndizi za kuchoma nilizofunga kwenye jani. Nikirudi nilikuta jani limekunjwa vizuri na kuwekewa kokoto lisipeperuke. Miaka sita tuliishi hivyo, mgongo kwa mgongo, na sijui kama kuna mtu aliyenijua vizuri zaidi hapa duniani. Alijua nimekasirika kwa jinsi nilivyotupa ndoano. "Wewe jiwe," angesema, "samaki hawana kosa." Ilikuwa kweli, siku hizo mume wangu alikuwa hajapiga simu.

Kisha ikaja ile masika. Samaki aina ya mbasa walikuwa wanasogea kuelekea midomo ya mito, mawe yameota ukungu wa kijani unaoteleza. Nilikuwa upande wangu, yeye mbele. Nikasikia mwanzi ukigonga jiwe, halafu sauti ya mtu anayejizuia asipige kelele. Nikageuka bila kufikiri. Niliona kofia inaelea. Yeye mwenyewe alikuwa amezama mpaka kifuani katikati ya mawe mawili, kichwa kimeelekea ziwani, na kila wimbi lilikuwa linampanda.

Nikainuka. Nikalivuka jiwe bapa. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo miguu ikasimama yenyewe. Nilijiona ninamshika kwapani, nguo zake zimempanda, uso wake juu ya kifua changu, na nikaona aibu yake kabla sijaona hatari yake. Nikageuka. Nikakimbia kurudi ufukweni kuwaita wanaume waliokuwa wanashona nyavu. Kumfikia yeye zilikuwa hatua hamsini. Kufika ufukweni zilikuwa zaidi ya mia.

Walimtoa mzima, lakini nyonga ilikuwa imevunjika. Baada ya hospitali alirudishwa nyumbani, akalazwa chumba cha uani, na tutani hakurudi tena. Chakula nilipika mimi, mama mkwe akakipeleka. Nilikuwa naishia kwenye mlango wa jikoni.

Siku moja mama mkwe alirudi na sahani tupu akasema, "Mwanangu, mzee anasema ulifanya vizuri. Heshima si utumwa."

Nikawaka. Sikuwahi kumpandishia mama yule sauti, na tangu siku hiyo sijarudia. "Vizuri kitu gani, mama? Maji yanamwingia mdomoni, mimi nakimbia kuelekea upande mwingine! Angekuwa baba yangu ningeruka." Halafu nikalia juu ya sufuria ya wali mpaka moto ukazima. Mama mkwe alikaa karibu yangu, akauwasha moto upya, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata akaja jikoni akiwa amejifunga kitenge kipya, kama mtu aliyetumwa ujumbe mkubwa. "Amesema anakufungulia mwiko," akasema. "Jumapili utampelekea chakula mwenyewe. Uingie, umtazame, yaishe. Anataka mbasa."

Jumamosi nilikuwa tutani tangu mapambazuko. Nilifunga nati nyepesi, kama jiwe lilivyonifundisha. Mchana kutwa hakuna kitu, nikawatukana samaki wote wa Nyasa na ukoo wao. Jua likiwa limelala upande akapatikana mbasa mmoja, mrefu kutoka kiganja hadi kiwiko, na nilipomvua ndoano nilikuwa nacheka peke yangu. Jumapili nilimpika kwa ndimu na nyanya kwenye chungu cha Kikisi nilichonunua Matema, nikavaa gauni la kanisani, nikavuka uani.

Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Chungu kilikuwa kinanichoma vidole kupitia kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima: nitaingia, nitainua macho, nitaanza na paji la uso, kisha macho, kisha mdomo, nikariri mpaka nisisahau. Nikafungua kinywa niseme hodi. Badala yake nikakohoa. Mara mbili, kimya kidogo, kisha mara moja.

Ndani nikasikia kitanda kikilia. Kililia muda mrefu, na pumzi ya mtu anayeumia ikatoka polepole. Nilipoingia nikiwa nimeinama, niliona mgongo. Pamoja na nyonga ile, mzee alikuwa amejigeuza akaelekea ukutani.

Nikaweka chungu juu ya kigoda, nikakaa chini nikimpa mgongo. Hakuna aliyetuagiza.

"Wewe ukuta," akasema, "mbasa wamefika?"

"Wamefika, tata," nikauambia mlango, nikimwita baba kwa lugha ya kwetu.

Akavuta chungu kwake, akala taratibu, nikisikia kijiko. Nami nikauambia mlango yote. Kwamba nilitaka kumkimbilia. Kwamba miguu ilinigomea. Kwamba nilivuka jiwe, lakini hatua tatu tu, na hizo tatu naziota.

Kijiko kikatua.

"Wewe ukuta," akasema, "mwambie hizo tatu nilizisikia. Katika maji yale ndizo nilizoshika."

Sikugeuka. Nilikuwa na ruhusa, na uso ulikuwa nyuma yangu kwa urefu wa mkono, nami sikugeuka. Niliondoka na chungu kitupu, mgongo wangu ukiwa kwake.

Alifariki kabla ya mavuno ya mpunga. Siku ya kuaga nilipita mbele ya jeneza nimeinamisha macho, watu wakadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi pia. Mama mkwe amerudisha ile picha sebuleni, na mimi nikipita pale hutazama sakafu. Ananicheka, anasema nimekuwa mzee kuliko mzee. Zamani nilikuwa naulilia uso. Siku hizi nakililia kikohozi, na hicho hakuna aliyekipiga picha.

Bado navua upande wangu wa jiwe. Mbele kule samaki ni wengi zaidi, watu wananishangaa, nawaambia washughulike na ndoano zao. Juzi mshona nyavu mmoja alikohoa ufukweni, mara mbili. Mikono yangu ikavuta mshipi, ikanitanda kitenge, nikageukia mawe, nikangoja katambuga zipite nyuma yangu. Nilingoja mpaka chambo kikaliwa chote.