Mabingobingo Nyuma ya Jiko la Mama

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuchora ramani za milima: mvua ikizidi, maji yatapita wapi na udongo wa nani utaondoka nayo. Penye hatari, kompyuta inapaka rangi nyekundu. Siku nilipofika kwenye milima ya kwetu Iringa, wekundu ulianzia shambani kwa mama ukashuka mpaka nyuma ya jiko lake.

Sababu niliijua. Kwetu matuta ya viazi yanafuata mteremko, kutoka juu hadi chini, ili maji yasituame viazi vikaoza. Viazi vinapona, udongo unaondoka. Nilienda nyumbani nikamwomba mama ageuze matuta yakate mteremko. Akakataa katakata. Alisema matuta hayohayo ndiyo yaliyonisomesha, na kama nataka kula viazi vilivyooza nikalime huko kwangu Mbeya. Mama ni mbishi, na mimi ubishi nimeurithi kwake. Tulinuniana mpaka chai ikapoa.

Mwishowe nikamwambia basi, apande angalau mistari ya mabingobingo kukatiza shamba, yale majani marefu ya ng'ombe. Hapo akanisikiliza.

"Nayapanda kwa ajili ya ng'ombe," alisema, "si kwa ajili ya ramani yako."

Mvua za mwaka huu hazikuwa za mchezo. Asubuhi moja jirani yake alinipigia: maji yameshuka na tope, choo chake kimezolewa chote, na upande wa mama hajaweza kufika. Nikampigia mama, hapatikani. Nikarudia, hapatikani. Nikakimbilia basi. Sijui hata tulipita Makambako saa ngapi.

Nilimkuta shambani, mzima, kavaa mabuti, anakata majani. Umeme ulikuwa umekatika, simu imeisha chaji. Tope lilikuwa limejaa nyuma ya mstari wa mwisho wa mabingobingo, kimo cha goti, likaishia hapo. Jiko halikuguswa. Jamani, nililia palepale bila aibu.

"Kamwene," alinisalimia, kisha akanipa panga nimsaidie, ng'ombe hajala. Nikashika shina na kulikata huku machozi yananitoka. Akanichapa kofi mkononi.

"We mtoto, usikate mpaka chini. Unataka tope liniingilie jikoni?"

Nikakata juujuu, kama alivyotaka.