Shemeji Alimbaka Mdogo Wangu Kiziwi, Ukweni Wakataka Tusitokee Mahakamani

Admin, nifichie jina, ila stori usiipunguze hata neno.

Mie ni mama wa miaka 34, nakaa Mbagala, fundi cherehani. Nina mume na watoto wawili. Naishi na mdogo wangu wa kike, ana miaka 21, ni kiziwi tangu utotoni. Anaongea kwa lugha ya alama.

Mwaka jana nilitoka sokoni nikamkuta kajikunyata bafuni, nguo zimechanika. Nikamuuliza nani? Akapitisha vidole kidevuni, kama anayechora ndevu. Nyumbani kwetu hiyo ni alama ya mtu mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alikuwa kambaka. Siku hiyohiyo nikampeleka polisi, dawati la jinsia, kisha hospitali.

Kesi ikaanza. Nikatoa ushahidi wangu, nikaruhusiwa kubaki ndani ya mahakama kwa ajili ya mdogo wangu. Zamu yake ilipofika, mkalimani hakuna. Akaletwa kaka mmoja anayejua alama za kubahatisha. Shemeji kakaa pale mbele, anamkazia macho. Mdogo wangu akaficha mikono ndani ya khanga, akagoma kuitoa. Wakili wa shemeji akasema, "Mheshimiwa, shahidi hana la kusema."

Nikasimama. Hakimu akaniambia, "Mama, kaa chini, siyo zamu yako."

"Nitakaa, Mheshimiwa. Ila huyu anaongea kwa mikono, na aliyembana mikono ndo huyo mbele yake. Ataongeaje?"

Nilijua nalala ndani. Hakimu akaandika, kisha akaahirisha kesi. Akaagiza aletwe mwalimu wa viziwi, na liwekwe pazia ili mdogo wangu asimwone mshtakiwa.

Jioni ile mama mkwe akaja kwangu. "Mwanangu, yule hata haongei. Msipotokea, nani atajua?"

Nikamjibu kwa adabu zote, "Mama, mie najua."

Mume wangu akadakia, "Siku ya kesi ukitoka na mdogo wako, watoto wangu huwakuti."

Nililia usiku kucha. Asubuhi ya kesi nikamfunga mdogo wangu kilemba, tukaenda.

Jamani, nyuma ya lile pazia alieleza yote! Mikono ilikwenda mbio mpaka mwalimu akamwomba apunguze mwendo. Wakili akamuuliza mbona hakupiga kelele. Akajibu kupitia kwa mwalimu, "Nilipiga. Sijui sauti yangu inafika wapi."

Tuliporudi, watoto hawapo. Wako na baba yao kwa bibi yao Mbezi Luis, simu zangu hazipokelewi. Mume kanitumia meseji, nikaombe radhi kwa ukoo mzima kwanza.

Shemeji keshajitetea, tunasubiri hukumu. Mdogo wangu sasa anatoka peke yake kwenda dukani, kitu alichokuwa ameacha kabisa.

Mtakaokuja kuniambia nilitakiwa kulinda ndoa, piteni kushoto. Radhi siombi, na siku ya hukumu tutakaa mstari wa mbele. Ila watoto wangu nawataka, na huyu mwanaume bado nampenda, sitawadanganya. Waliopitia haya, nielekezeni: watoto nawafuata ustawi wa jamii au niende mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama mkwe? Na mwanaume wa hivi, mngemrudia?