Wimbo wa Kukanyaga Ndizi

Jirani yetu wa Nshamba, mzee Rwechungura, alitetemeka mikono, na miguu ilimganda njiani. Wambea walisema ni ulevi. Mwaka 1953 daktari wa Bukoba akautaja ugonjwa, Parkinson, akampa vidonge na kumwamuru atembee kila siku. Vidonge vilituliza mikono tu. Dawa ya miguu aliigundua mwenyewe akikanyaga ndizi za pombe: wimbo wa wakanyagaji ulipoanza, miguu ilitii. Tangu hapo akawa anatembea akiuimba.

Jumapili moja akaganda mlangoni mwa kanisa. Akauimba wimbo ule ule, kwa sauti, na waumini nyuma yake wakaitikia. Aliingia kama bwana harusi.

Mchungaji alikunja uso.

“Ukipata wimbo wa kanisani unaoinua miguu hii,” mzee akamwambia, “nifundishe.”